Umekonda, Una Nini? Mwili wa Kijana Mbele ya Macho ya Kagera

Ukirudi Bukoba kwa likizo kutoka chuoni Mwanza au Dodoma, ukaguzi wa kwanza ni wa mwili. Shangazi atakushika mkono, atakuzungusha kidogo, ataangalia mashavu na mifupa ya shingo, kisha atatoa hukumu mbele ya wote waliopo. Ukiwa umenenepa, umependeza, huko unakula vizuri. Ukiwa umepungua, linakuja swali: umekonda, una nini? Swali hili huulizwa Tanzania nzima, na mara nyingi huulizwa kwa mapenzi. Mkoani Kagera, hata hivyo, swali hilo lina historia ambayo kijana wa miaka ishirini huenda hajawahi kusimuliwa, na bado analijibu harakaharaka kwa kujitetea: ni mitihani tu, ni malaria, chakula cha chuo kibaya.

Nataka kulitazama suala la taswira ya mwili kuanzia kwenye swali hilo. Makala nyingi za siku hizi huanza na simu, picha za Instagram na video za TikTok, na huishia kwenye ushauri kwamba kijana ajipende. Mambo ya simu yapo na nitayafikia. Lakini Bukoba na Muleba kijana hujiona kwanza kwa macho ya wanaomtazama, na macho hayo yanatafuta habari: ni mzima au mgonjwa, ni wa kuoa na kuolewa au wa kuepukwa, kwao wana kitu au hawana. Ubora wa maisha yake hutegemea habari hiyo inasomwaje, na hutegemea zaidi jinsi anavyolazimika kupanga siku zake ili isisomwe vibaya.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la kupima ubora wa maisha, WHOQOL-BREF, lenye maswali 26. Limegawanywa katika nyanja nne: afya ya mwili, hali ya nafsi, mahusiano na mazingira. Katika nyanja ya nafsi, karibu na maswali ya furaha na maana ya maisha, kuna swali moja linalouliza kama mtu anaweza kuukubali mwonekano wa mwili wake. Watunzi wa dodoso walifanya vyema kuliweka. Ila ukilipeleka swali hilo Kashai, Bukoba mjini, au Kamachumu, Muleba, halitulii katika nyanja moja. Msichana anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki tayari ameathirika kiafya. Mvulana anayekataliwa ukweni kwa sababu ya kimo ameguswa katika mahusiano. Kijana mwenye ualbino anayehakikisha yuko ndani kabla ya giza kuingia anazungumzia usalama wa mahali anapoishi. Swali moja linabeba dodoso zima.

Wako wanaoamini kwamba zamani hapakuwa na tatizo, kwamba mababu walipenda unene, kila mtu akala ndizi na samaki akaridhika na umbo lake, hadi Wazungu na televisheni walipokuja kutuharibia. Historia ya mkoa huu inakataa. Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, magharibi ya Bukoba ya leo, katika makazi ya Mukama Rumanika. Aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa mchana kutwa hadi kusimama kukawa kazi. Alimpima mmoja wao, na kifua chake kilikuwa na mzunguko wa sentimita 130 hivi. Mimi huguswa zaidi na jambo jingine aliloliandika: binti wa yule mama, kijana wa miaka kama 16, alikuwa ameketi akinyonya kibuyu cha maziwa, na baba yake amesimama karibu ameshika fimbo asije akaacha. Unene ule ulikuwa fahari ya ukoo, alama ya ng'ombe wengi, na uliingizwa mwilini mwa binti kwa kutishwa na fimbo. Kipimo kilikuwa kinyume cha kile cha majarida ya mitindo ya leo, lakini mwenye mwili hakuulizwa wakati ule pia.

Huko kwa Wahaya wa kandokando ya ziwa, ambao hawakuwa wafugaji wakubwa kama watawala wa Karagwe, bi harusi aliwekwa ndani kwa kipindi baada ya ndoa, akalishwa, akapakwa mafuta, akapumzishwa kazi za shamba. Alipotoka, mwili wake ulikuwa ushahidi kwamba ameolewa penye chakula. Wazazi wake walitazama mashavu kupima utu wa mkwe. Hilo halijafa. Binti aliyeolewa akirudi kusalimia kwao Nshamba au Izigo akiwa amepungua, mama hatauliza kuhusu binti peke yake. Atauliza pia, kimoyomoyo, kuhusu mwanamume aliyemchukua.

Juu ya msingi huo ndipo ukimwi ulipokuja.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha miaka minne tu nyuma, magendo ya mpakani yalikuwa yamepamba moto, na vitambaa vilivyopendwa wakati ule vikitoka Uganda viliitwa Juliana. Ugonjwa uliokuja kwa njia hiyohiyo ukapewa jina hilohilo. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, watu waliuita slim, yaani mkondeshaji, na jina hilo likaingia hadi katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1985. Kabla ya vipimo kufika vijijini, daktari wa kwanza wa ugonjwa huu alikuwa jicho la jirani. Aliyekonda alikuwa nao. Aliyekonda na nywele zikanyooka na ngozi ikachubuka alikuwa ameshazikwa katika maneno ya watu kabla ya kufa.

Utafiti uliofanyika mkoani mwaka 1987 ulikuta karibu asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Muleba ilikuwa asilimia 10. Fikiria maana yake mtaani: Hamugembe au Kashai, katika kila watu wazima wanne, mmoja. Hapakuwa na nyumba isiyouguza au isiyojua inayouguza. Katika mazingira hayo kutazama mashavu ya mtu hakukuwa umbea wa watu wasio na kazi. Ilikuwa njia pekee waliyokuwa nayo ya kujilinda na kuwalinda watoto wao, wakiamua nani aoane na nani. Kiwango kilishuka baadaye, Bukoba mjini kikafika asilimia 13 hivi mwaka 1996, na upimaji wa kitaifa wa 2016/17 uliipa Kagera asilimia 6.5. Virusi vilipungua. Jicho lilibaki palepale.

Kwa hiyo shangazi anayekuzungusha sebuleni hana ubaya. Ana kumbukumbu. Huenda aliwaona kaka zake wawili wakipungua hivyohivyo, kiuno cha suruali kikikunjwa mara mbili, mara tatu. Anapouliza una nini, anaomba aambiwe kwamba haitatokea tena. Kijana naye hana kumbukumbu hiyo. Anachosikia ni tuhuma. Vizazi viwili vinatazama mwili mmoja, kila kimoja kinaona kitu kingine, na sijaona mahali ambapo wanakalishwa chini kuelezana.

Athari inawapata hata wasiohusika kabisa na virusi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari cha ujanani, aliyepona kifua kikuu juzi, mwembamba wa kuzaliwa ambaye babu yake pia alikuwa mwembamba, wote wanaishi na shaka ileile. Ndiyo maana vidonge vya kunenepa vina soko. Vingi vinavyozungushwa Afrika Mashariki na Kongo ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, dawa kali ambayo ikitumiwa bila daktari hujaza uso maji, hupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Msichana anayeimeza anaona mashavu yamerudi, watu wanamsifu, naye anaendelea. Anaharibu afya ili aonekane ana afya. Sijui mfano unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi macho ya watu yanavyoweza kuutenga ubora wa maisha na maisha yenyewe.

Kundi linalobeba uzito mkubwa kuliko yote ni vijana waliozaliwa na virusi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Tanzania mwishoni mwa 2004, na watoto waliozaliwa miaka ya kuzunguka wakati huo, waliobahatika kuzifikia, sasa wana miaka ishirini na kitu. Wengi walianza dawa wamechelewa, na mwili hausahau. Ukuaji hudumaa, balehe huchelewa. Mvulana wa miaka 19 anaonekana wa 14. Kijiweni hakuna atakayemkabidhi pikipiki aende na abiria. Msichana ambaye rafiki zake wameshafanyiwa sendofu bado anapitwa kimo na mdogo wake. Hawa hawasumbuliwi na picha za wanamitindo wa Marekani. Wanachotamani ni kufanana na umri wao.

Maumivu hayo yanageuka kuwa suala la uhai kwa njia ndogondogo. Chupa ya vidonge hulia ukitembea nayo, hivyo wengi huhamishia dozi kwenye karatasi au mfuko. Bwenini, mahali ambapo kila kitu kinafanyika mbele ya macho arobaini, kumeza kidonge kila siku saa ileile ni kujieleza kila siku saa ileile. Anayeambiwa leo kwamba amekonda anaweza kesho kuiruka dozi ili asionekane akimeza, na dozi zikirukwa virusi hupata nguvu, na virusi vikipata nguvu mtu hukonda kweli. Umbea unatimia wenyewe. Ukiuliza ni wapi taswira ya mwili inakutana na ubora wa maisha katika mkoa huu, ni katika mzunguko huo.

Dawa zenyewe zimewahi kuandika juu ya mwili. Miaka ya mwanzo vidonge vilivyotumika sana vilikuwa na stavudini, dawa ya bei nafuu iliyookoa watu wengi na kuacha alama: mashavu yaliingia ndani, mikono na miguu ikabaki mishipa, mafuta yakahamia tumboni na kwenye kisogo. Mtu alikuwa amepona, anapalilia migomba na kubeba maji, lakini uso wake ulitoa siri aliyokuwa ameitunza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziachane nayo. Kuanzia 2019 Tanzania ikaingiza mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambao wagonjwa wanaujua kwa jina la TLD. Ni dawa nzuri, kidonge kimoja kwa siku, na moja ya tabia zake ni kuongeza uzito, hasa kwa wanawake, kama utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini ulivyoonyesha mwaka huohuo wa 2019.

Kule Johannesburg, utafiti huo ulikofanyika, ongezeko hilo lilijadiliwa kama hatari ya kisukari na presha, na ni kweli. Lakini jiweke mahali pa binti wa Muleba aliyekulia chini ya jicho lile. Kilo tano zilizoongezeka ni kibali cha kutembea sokoni bila kujieleza. Muuguzi anapomwambia apunguze uzito, anasikia anaambiwa arudishe ushahidi. Ushauri sahihi wa kitabibu unakwama kwa sababu haukuuliza unene una kazi gani katika maisha ya huyu. Na si wenye virusi tu walio katika mvutano huo. Tanzania nzima wanawake wenye uzito uliozidi walitoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 katika utafiti wa 2015/16, na kila mwenye kampeni dhidi ya vitambi anayekuja Kagera na bango la jumla atakuwa anazungumza na watu ambao kwao wembamba bado una harufu ya msiba.

Kuna kipimo kingine ambacho hakisemwi sana: urefu. Kagera ina bahati ya kuwa na moja ya tafiti bora za kufuatilia kaya barani Afrika. Ilianza mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900, ikafuatilia watu hao hadi 1994, ikawatafuta tena 2004 na 2010 popote walipohamia, hata Uganda. Watoto waliokuwa wakipimwa kimo mwanzoni walipimwa tena wakiwa watu wazima. Waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikutwa wamepoteza kiasi cha sentimita mbili za urefu wao wa mwisho, na mwaka mmoja wa shule. Sentimita mbili zinaonekana kidogo. Lakini hizo ni huzuni iliyopimwa kwa rula, na haiwezi kurudishwa kwa mlo wowote wa baadaye.

Hata bila uyatima, udumavu ni wa kawaida hapa. Utafiti wa afya wa 2015/16 uliwakuta watoto wanne katika kila kumi wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa ambao mgeni huuona wa kijani mwaka mzima. Ndizi hujaza tumbo na huacha pengo la protini na mafuta. Mtoto anashiba na bado hakui. Mnyauko wa migomba ulioingia mkoani mwaka 2006 ulizidi kuzibana kaya. Watoto wa miaka ile ndio vijana wa leo. Wavulana wafupi wanabeba dharau ambayo haina msamiati wa heshima: wanaitwa watoto kazini, wanakataliwa na wasichana kwa utani unaouma, wanakwepa kupiga picha wamesimama. Nimewasikia watu wazima wakiwaambia kwamba hawakumaliza uji. Kwa baadhi yao ni kweli kabisa, na halikuwa kosa lao.

Sasa simu, na skrini iliyoitangulia. Televisheni ya kwanza Tanzania Bara ilianza kurusha mwaka 1994. Mwaka huohuo mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yalirudi. Mwaka mmoja baadaye televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga, Fiji, visiwa ambavyo, sawa na hapa, vilisifu mwili mnene na kuuchukulia wembamba kama alama ya kutotunzwa. Mtafiti Anne Becker alipowachunguza wasichana wa shule kule, mwaka 1995 hapakuwa na anayejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi. Mfano huo hunukuliwa kila mahali kuonyesha nguvu ya skrini, na kwa Tanzania pia utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha kufuatilia utamaduni wa Magharibi na matatizo ya ulaji kwa wanawake vijana.

Kwa Bukoba, hata hivyo, naona skrini imefanya jambo tofauti. Haikuondoa kipimo cha zamani. Imekiongezea vingine juu yake. Msichana wa miaka 22 anatakiwa na bibi yake awe na mashavu, anatakiwa na video za muziki awe na kiuno chembamba na makalio makubwa, anatakiwa na baadhi ya matangazo ya kazi awe na mwonekano mzuri bila kuambiwa ni upi, na anatakiwa na filta ya simu awe na ngozi ambayo haipo. Kuna mwili mmoja wa kuvitosheleza vyote hivyo, na haujawahi kuzaliwa. Flaviana Matata alipokwenda Mexico mwaka 2007 kuiwakilisha Tanzania katika Miss Universe akiwa amenyoa kipara na akaingia kumi bora, wasichana wengi walipumua kwa muda. Ilikuwa nafasi ndogo, na ilitoka kwa mwanamke mwenye weusi wake na kichwa chake kitupu.

Ninaposema mambo haya hukumbuka pia kwamba shule zetu huwapa wasichana kinga ambayo huisha ghafla. Katika sekondari za serikali nywele hukatwa, sare ni moja, losheni zinazuiwa. Binti wa sekondari ya wasichana ya Rugambwa, Bukoba, anafika kidato cha sita akiwa hajalazimika kushindana kwa sura. Kisha anamaliza, na ndani ya mwezi mmoja anatakiwa kujua wigi, kope, kucha, mavazi na rangi, bila fedha na bila aliyemwandaa. Rika hili la miaka 18 hadi 25 ndilo linaloumia zaidi, na nadhani ughafla huo una mchango mkubwa.

Mkorogo wa kujichubua unaingilia hapo. Sheria ya 2003 ya chakula, dawa na vipodozi ilifungua njia ya kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na kopo dogo la losheni halihitaji lori. Zebaki huharibu figo. Losheni zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi jeraha la upasuaji likatae kushonwa vizuri. Wanaojichubua wanayajua mengi ya haya. Wahojiwa wa Dar es Salaam katika utafiti uliochapishwa 2011 walitoa sababu zao: kuondoa chunusi, kupata ngozi laini, kumpendeza mwenzi, kuwaridhisha marafiki, na wengine walikuwa wakiendelea kujichubua ili kuficha madhara ya kujichubua. Kuwaita wajinga hakusaidii. Wamepiga hesabu ya dunia wanayoiona, mahali ambapo mweupe huitikiwa haraka dukani na hupewa nafasi ya mapokezi hotelini. Hesabu hiyo inatokana na sisi tunaowatazama.

Kuhusu wavulana nitasema kwa ufupi, kwa sababu yanayowasumbua yanafahamika na wao wenyewe hawayasemi. Kifua, kimo, ndevu. Majimu ya mjini yamewapa mahali pa kuufurahia mwili na pia soko la unga wa misuli usiojulikana una nini. Mvuvi kijana wa visiwa vya Goziba au Bumbire, ambaye kazi humjenga mabega bila kulipia, hana shida ya misuli. Shida yake inaweza kuwa kovu, au ngozi iliyokaushwa na jua na maji, au ukimya wa kwamba mwanamume hasemi anajionaje.

Wapo ambao mwili wao unasomwa kwa njia mbaya kuliko zote. Mei 30, 2024, wilayani Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka miwili na nusu, aliporwa mikononi mwa mama yake. Juni 17 mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Nchi ililia, watu walikamatwa, wakiwemo wa karibu sana naye. Vijana wenye ualbino wa mkoa huu walisikiliza habari ile wakiwa na umri wa kuelewa kila neno. Wengi wao walipita shule kama Mugeza Mseto, Bukoba, iliyowapokea watoto wenye ulemavu na wenye ualbino katika miaka ambayo kubaki kijijini ilikuwa hatari. Walijifunza mapema kwamba kuna mtu mahali fulani anayehesabu thamani ya mkono wao.

Mbele yao, maneno ya kawaida ya kujikubali yanapwaya. Kijana anaweza kuipenda ngozi yake kabisa na bado asiweze kufanya kazi ya usiku, asipande bodaboda ya mtu asiyemjua, asikubali mwaliko wa harusi ya mbali. Ubora wa maisha yake umepunguzwa na wengine. Juu ya hofu hiyo kuna jua la karibu na ikweta, ambalo huleta saratani ya ngozi mapema. Losheni ya kuzuia jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao ni msaada wa thamani kubwa, ila njia ya kutoka Moshi hadi kijiji cha Muleba ni ndefu, na kila kliniki ya ngozi isiyofika mwezi fulani inaandikwa usoni na mabegani mwao.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kwamba vijana hawa wanapoteza mambo ya aina moja: mahudhurio ya kliniki, usingizi, fedha zinazoishia kwenye makopo na vidonge, nafasi za kazi wasizoomba, wachumba wasiowakaribia, safari wasizofunga. Hakuna daktari anayeyaandika kwenye faili kama ugonjwa. Nshamba, wilayani Muleba, iliwahi kuonyesha kwamba yanaweza kushughulikiwa bila kusubiri wataalamu kutoka mbali. Kazi ya shirika la Humuliza na yatima ilizaa jumuiya ya vijana wenyewe, Vijana Simama Imara, walioendesha akiba yao, wakalimiana mashamba, wakafarijiana katika misiba. Watoto waliokuwa wakitazamwa kama mabaki ya ugonjwa walipata mahali ambapo waliulizwa wanaweza kufanya nini. Mwili uliokwisha kulima shamba la bibi wa mwenzako unatazamwa tofauti, na mwenye mwili analijua hilo kabla hajaambiwa.

Hospitali za Rubya na Ndolage, na ile ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, zina jambo ambalo zinaweza kulifanya wiki hii. Siku za vijana kule CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye virusi, lile swali la dodoso juu ya mwonekano wa mwili liulizwe kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kihaya kwa anayekipenda: unauonaje mwili wako, na watu wanakuambia nini juu yake? Jibu litamweleza muuguzi kwa nini dozi za wiki iliyopita zilirukwa, jambo ambalo kuhesabu vidonge hakuwezi kumweleza. Akikutana na anayeogopa kupungua, atajua kwamba ushauri wa presha uanze kwa mazungumzo juu ya mashavu na majirani. Na mahali ambapo mzani umewekwa kwenye veranda, karani akitaja kilo kwa sauti ili mwenzake aandike, mzani uhamishiwe chumbani, mlango ufungwe, na namba aambiwe mwenye mwili peke yake.